Mwanga Aliouchagua Kemunto

Juzi tulifungua boksi jipya shuleni mbele ya kamati, na harufu ya plastiki ilipotoka nikalazimika kusogea karibu na dirisha. Mimi ni mmoja wa akina mama, tuseme akina bibi sasa, wanaosaidia shule moja karibu na Kiogoro kuchagua vifaa vya chumba cha watoto wenye shida ya kujifunza. Ni vitu vya kupapasa, vitu vya kuminya na taa za kutazama. Kijana aliyeleta bidhaa alikuwa anatuonyesha jinsi taa yake inavyobadilisha rangi. Nikamwuliza kama inaweza kuwaka na kuzima haraka haraka. Akafurahi, akadhani nimevutiwa. Akasema ndiyo, ni kubonyeza hapa tu. Nikamwambia hiyo tuiweke kando. Wenzangu wakanitazama, lakini pale hapakuwa mahali pa kusimulia. Nasimulia hapa, kwa wale wa rika langu, ambao walikuwa na ndugu kama dada yangu na wanajua jinsi siku zile tulivyokuwa hatuwataji mbele ya wageni.

Dada yangu Kemunto alinitangulia kuzaliwa, lakini mimi ndiye niliyetangulia kusema. Yeye hakusema kabisa. Alikuwa na sauti, tena kubwa, ila haikuwa na maneno ndani yake. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu kama ya mama, na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alikuwa na sugu pale alipozoea kujiuma. Akichoka na kelele, alijiuma. Akichoka zaidi, aligonga kichwa ukutani, naye mama alikuwa amepaka udongo mara nyingi pale alipopagonga hadi ukuta ukawa umevimba.

Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya mto, ikiutazama mji wa Nyamira ambao siku hizo ulikuwa maduka machache na barabara ya matope. Baba alikuwa fundi mwashi, na siku asizokuwa na kazi ya ujenzi alilima. Chai ndiyo ilikuwa imeanza kuingia kwenye mashamba ya watu kama sisi, na mama alichuma majani asubuhi kabla jua halijakaza. Alipokwenda kuchuma alimfunga Kemunto kiunoni kwa kamba laini ya ngozi ya mgomba, akaifunga ncha nyingine kwenye nguzo ya nyumba. Jirani akipita alisalimia wote wawili, mtoto na nguzo, akaendelea na safari yake. Hakuna aliyeona ni ukatili. Ilikuwa ama hivyo ama Kemunto aanguke motoni, au apotelee kwenye chai ya watu.

Ndipo akaja Mwalimu Teresia. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Taita, mwenye mwendo wa taratibu, na alipewa stoo iliyokuwa haina kazi nyuma ya kanisa la Wakatoliki ili afungue darasa la watoto ambao shule iliwakataa. Alipita nyumba kwa nyumba akiwatafuta, maana hakuna mzazi ambaye angempelekea. Kwetu alifika saa ya kuchambua mboga. Hakujua Ekegusii, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, cha kutaja bei na kusema asante. Mimi nilikuwa nimeanza shule, kwa hiyo nikawa mkalimani, na nilijivuna sana kwa cheo hicho.

Mwalimu alimtazama Kemunto kwa muda mrefu bila kumgusa. Kisha akasema, "Ningependa kumchukua darasani. Lakini kwanza baba akubali. Baba asipokubali siwezi."

Sasa, asiyekuwa Mgusii inabidi aelezwe. Kwa lugha yetu mtoto humwita mama yake *baba*, na baba yake humwita *tata*. Nilikuwa najua Kiswahili cha darasani, lakini nikiwa nyumbani, mbele ya mama, neno lile liliniingia kwa maana ya nyumbani. Nikamgeukia mama nikamwambia mwalimu anataka yeye akubali.

"Nimekubali," mama akasema, akapangusa mikono.

"Baba amekubali?" mwalimu akauliza, kwa mshangao kidogo.

"Amekubali, Mwalimu," nikamjibu.

Kwa hiyo Kemunto akaanza darasa, na baba akapata habari mjini kutoka kwa mtu aliyekuwa anamchanganyia saruji. Sisi tulikuwa Wasabato, tena baba alikuwa shemasi. Alirudi jioni, akavua viatu mlangoni, akaketi.

"Nasikia nina mtoto kwa Wakatoliki," alisema.

"Mwalimu alisema nikubali, nikakubali," mama akajibu.

"Wewe? Mwalimu gani anauliza mke wakati mume yuko?"

Wakanigeukia wote wawili. Niliapa kwamba mwalimu alisema *baba*, nami nikamwambia *baba*. Baba akaelewa, kisha akacheka hadi akaweka kikombe chini. Nadhani kama asingecheka angekataa. Baada ya kucheka namna ile ilikuwa vigumu kukunja uso tena. Alisema tu kwamba ajaribiwe, na akiumia huko, basi.

Kila nilipotoka shuleni nilipitia darasani kumchukua. Ndiyo maana nilikuwepo siku boksi lilipofika. Lilikuwa limetoka ng'ambo, kwa watu wa kanisa wenye moyo mwema, na wanakamati walikuja na makoti yao kulishuhudia likifunguliwa. Harufu ya plastiki ikajaa stoo nzima. Mlikuwa na mipira yenye miiba laini, mwanasesere mwenye manyoya, kengele za rangi na taa ya betri yenye umbo la uyoga. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mpole aliyependa mambo yaende kwa heshima, aliichukua ile taa akaitafuta swichi. Ikaanza kuwaka na kuzima, nyekundu, buluu, nyekundu, buluu, kwa kasi. Watu wakapiga makofi.

Kemunto aliitazama. Mimi nilidhani ameipenda, kwa sababu hakujiuma. Kisha macho yake yakapanda juu, mkono ukakakamaa, na akaanguka chini kama mtu aliyesukumwa.

Mtu alipiga kelele kijiko kiletwe, awekewe mdomoni. Mwalimu Teresia akasema hapana, kwa sauti ambayo sijapata kumsikia tena akiitumia. Alisogeza viti, akamlaza dada yangu ubavu, akatia sweta yake chini ya kichwa, akangoja. Mwenyekiti alikuwa bado ameishika taa, hajui kuizima, inaendelea kumwakia usoni. Mwalimu aliinyang'anya akaifunika kwa sketi yake mpaka akaipata swichi.

Kemunto alipozinduka, mwalimu alinishika bega. "Moraa, mwambie mama hivi. Ile taa imemwingia vibaya. Akae nyumbani mahali pa utulivu, pasipo mwanga mkali. Mimi nitakuja."

Nikaenda nyumbani na maneno hayo, na njiani nikayatafakari kama mtoto. Taa imemwingia. Niliiona kabisa, ile nyekundu na buluu, imepita machoni ikakaa ndani ya kichwa cha dada yangu, inazunguka haina pa kutokea. Mwanga mwingine ukiingia itapata nguvu. Ikikosa mwanga itakufa kama moto uliokosa kuni. Mama nilimfikishia ujumbe kama ulivyo. Maana yake nilikaa nayo mwenyewe.

Baba hakupaza sauti. Alisema, "Nilisema akiumia, basi," na mama hakubisha. Asubuhi iliyofuata kamba ilirudi kwenye nguzo.

Ilikuwa likizo. Mama alipokwenda kwenye chai, akiniachia Kemunto, nikamfungua, nikamwingiza kwenye chumba cha nyuma tulimowekea mahindi ya mbegu. Nilifunga dirisha la mbao. Nikaziba nyufa zake kwa magunia, nikaziba chini ya mlango kwa blanketi. Mle ndani mlinuka vumbi la mahindi na moshi wa zamani. Nilipoketi nikaona kazi yangu haijakamilika. Mabati ya nyumba yetu baba aliyapata kutoka stoo iliyobomolewa, na yalikuwa na matundu ya misumari ya kwanza. Mengi alikuwa ameyaziba kwa lami, ila moja lilikuwa wazi, na jua lilikuwa limelipata. Uzi wa mwanga ulishuka toka juu hadi sakafuni, na vumbi likielea ndani yake.

Nilisimama nikaweka kiganja changu kuuzuia. Lakini ukizuia mwanga kwa kiganja unakaa juu ya kiganja. Nikabaki pale nimenyoosha mkono, nina doa jeupe mkononi, sijui nifanye nini nalo.

Kemunto akainuka. Alikuja polepole, akanishika kifundo cha mkono, akauondoa mkono wangu kando kama mtu anavyoondoa tawi njiani. Akaweka wa kwake. Lile doa likatua katikati ya kiganja chake, naye akakikunja, akakikunjua, akaona mwanga haubanwi wala haukimbii. Jua likisogea, doa nalo likasogea, taratibu mno, na mkono wake ukalifuata. Nilingoja ajiume. Hakujiuma. Alikuwa anatoa sauti ndogo ya puani ambayo sikuwahi kuisikia, kama paka aliyeshiba.

Mama aliporudi hakusikia kelele, na ukimya ule ulimtisha kuliko kelele yoyote. Aliusukuma mlango kwa nguvu, blanketi likakunjamana. "Umemfanya nini?" Kisha akaona. Akasimama na kikapu cha majani mgongoni, hakukitua. Baadaye akaketi kwenye gunia la mahindi, na kikapu vilevile mgongoni, akatazama mpaka jua likaliacha lile tundu.

Mwalimu Teresia alipofika, mama hakuniita nitafsiri. Alimshika mkono akamwingiza chumbani, akafunga mlango. Walikaa humo pamoja na Kemunto. Walipotoka, mwalimu alikuwa anafuta miwani yake.

"Mwambie mama," aliniambia, "kwamba sisi tulimletea vitu tulivyopenda wenyewe. Tuanze upya. Tutafute anachokitaka yeye."

Alitufundisha namna ya kutafuta. Kitu kimoja kwa wakati. Usimtie mkononi, kiweke karibu na mkono, kisha kaa kimya. Akigeuza uso, kiondoe bila kumbembeleza. Akikigusa na kukiacha, kirudishe siku nyingine. Akikishika, mwache. Mama alilielewa jambo hili kwa wepesi kunizidi, kwa sababu ndivyo alivyozoea kumlisha ndama aliyekataa chupa.

Msimu ule wote tulikuwa wawindaji. Blanketi la sufu alilikataa, akalitupa. Katani aliikataa kwa kelele. Manyoya ya kuku yalimfanya ajikune mwili mzima. Mpira wa plastiki wenye miiba, ambao mwalimu aliuleta toka kwenye lile boksi, hata kuutazama hakutaka. Lakini moyo wa mgomba, ule wa ndani kabisa, wenye ubaridi na vijumba vidogo vidogo vilivyojaa maji, aliuminya kijumba kimoja kimoja. Kwenye karai la punje za wimbi alitumbukiza mikono hadi kwenye kiwiko na kuiacha humo, amefumba macho. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akichonga mawe ya sabuni, yale laini ya vinyago, huko Tabaka, na alituletea vipande vilivyokatika. Kikavu Kemunto hakukipenda. Tulipokilowesha maji, kikateleza, akakishika shavuni na hakukirudisha.

Kwa upande wa mwanga hatukuwa na mengi. Mama aliweka karai la maji mlangoni asubuhi, jua likapiga, na mawimbi ya mwanga yakacheza juu ya ukuta, na Kemunto akayapapasa. Tochi ya baba aliikataa hata ilipokuwa haichezi, nadhani kwa sababu ilimtazama usoni. Aliutaka mwanga unaotua juu ya kitu. Chumba cha nyuma kilibaki ndicho chake. Kila lile tundu lilipopata jua alikuwa chini yake, na mama aliacha kumfunga saa hizo, akamwacha mlango wazi.

Baba aliyaona haya yote kwa pembeni. Alikuwa mtu wa kuondoka alfajiri. Siku moja, kabla mvua za masika hazijaanza, alipanda juu na kopo la lami akaziba matundu yote, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya baba kabla ya masika, na mahindi ya mbegu yalikuwa mle.

Kesho yake Kemunto aliingia chumbani saa yake, akanyoosha kiganja gizani. Akangoja. Akajaribu mahali pengine. Kisha tukasikia kichwa ukutani. Mama alikwenda kumshika akashindwa, nikaenda nikashindwa. Paji la uso lilikuwa limechubuka baba aliporudi toka kazini.

"Panda ufungue," mama alimwambia.

"Nifungue nini?"

"Tundu."

"Mama Kemunto, mvua inakuja. Mahindi yataoza."

"Nitayahamisha. Nitaweka sufuria. Panda."

"Yaani nitoboe paa langu mwenyewe kwa sababu ya doa la jua?"

Mama alimshika mkono, kama alivyomshika mwalimu, akamwonyesha ukuta, na Kemunto chini yake ameshika kichwa. Halafu akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Umejengea watu wengi madirisha. Huyu anaomba moja."

Baba alitoka nje. Nilidhani ameondoka kwa hasira. Alikwenda nyuma ya nyumba anapoweka masalio ya kazi zake, tukasikia vyuma na vigae, akarudi na vipande vya vioo amevifunga kwa gunia. Kimoja kilikuwa cheupe cha dirisha, kingine cha maua maua, kingine cha kijani alichokata kwenye chupa kubwa. Jua lilikuwa bado juu kidogo ya kilima. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, akainua kile cheupe, mwanga ukapita ukaanguka kwenye udongo.

"Mwite," alisema.

Mama akasema, "Haitwi. Weka karibu naye, ungoje."

Baba akahama, akaketi chini, yeye shemasi na suruali yake ya kazi, pembeni ya mtoto wake. Hakuwa amekaa hivyo naye tangu alipokuwa wa kubebwa. Akaangusha mwanga mweupe karibu na goti la Kemunto. Kemunto akageuza uso. Baba akataka kuusogeza umfuate, mama akamzuia kwa kichwa. Akaweka kile cha maua. Ukaanguka umekatikakatika, naye akaguna, akajificha. Akaweka cha kijani.

Palikuwa na rangi ya majani mabichi kwenye vumbi, tulivu, haina kingo kali. Kemunto aliweka kiganja chake ndani. Kisha akafanya jambo ambalo baba alilieleza kwa watu mpaka uzee wake. Aliupapasa mwanga, akaufuata kurudi nyuma hadi kwenye kioo, kutoka kwenye kioo hadi kwenye vidole vilivyokishika, na vidole vile vilikuwa na saruji iliyokauka kwenye mikunjo, mikwaruzo tupu. Sisi tulikuwa tumemletea vitu vya kila aina na hakuna aliyefikiria mkono wa fundi mwashi. Aliuchunguza kidole kwa kidole, mbele na nyuma. Baba alikaa bila kutikisika hadi jua likazama na kioo kikawa hakina kitu.

Alitoboa mabati kesho yake, tundu la mraba, akatia kile kioo cha kijani na kukizungushia lami. Masika yote hakikuvuja. Baada ya hapo alikwenda mwenyewe kwenye stoo ya Wakatoliki, siku ya Jumapili, kwa kuwa Jumamosi yetu ilikuwa ya Bwana, akatia vioo vingine kwenye paa la darasa wakati misa ikiimbwa upande wa pili wa ukuta. Mwenyekiti alipouliza wageni wa ng'ambo wakija wataambiwa nini kuhusu taa yao, Mwalimu Teresia alimwambia taa yao iko salama ndani ya boksi. Wageni hawakuja.

Kemunto alirudi darasani. Hakusema neno hata moja katika maisha yake, na sitaki mtu adhani alipona, kwa sababu hakuwa mgonjwa. Kifafa kilimrudia mara kadhaa. Lakini alipokuwa mwanamke mzima aliweza kukaa kivulini na jiwe la sabuni na maji, akalisugua mpaka likawa kama ngozi ya mtoto mchanga, na mjomba aliyachukua mawe aliyoyasugua akayachanganya na ya wachongaji wake. Aliishi na mama, kisha na mimi, na alitutoka usingizini.

Habari za chumba chetu zilienda mbali kuliko tulivyotaka. Nakumbuka mwanamke mmoja aliyekuja kwa miguu toka Magwagwa, amembeba mgongoni mtoto mkubwa, miguu yake inaning'inia chini ya magoti ya mama yake. Alikuwa ametoka alfajiri na umande. Alimwambia mama amesikia kuna kioo cha kijani kinachotuliza watoto, na kwamba yuko tayari kubadilishana na kuku wawili.

"Kaa kwanza," mama alisema. "Mtue."

Mwanamke akamtua mtoto sakafuni. Nikaleta kila kitu bila kuambiwa, karai la wimbi, jiwe lililoloweshwa, kipande cha mgomba. Nilivipanga mbele yake kama mtu wa duka. Mama akanipa ishara nivisogeze mbali, kisha tukakaa kimya. Mwanamke alikuwa anahema kwa nguvu, anataka kusema, mama akimzuia kwa kiganja.

Mtoto hakutazama chochote chetu. Alizungusha kichwa, akanyoosha mkono taratibu nyuma yake, akakamata upindo wa leso ya mama yake uliokuwa umelowa umande, akauminya. Maji kidogo yakamtoka kati ya vidole. Akauminya tena.

"Umeona?" mama alimwambia. "Anza na hiyo."